Sale Mbele ya Kamera

Jina la kabila la bibi yangu sitaliandika. Limeshaandikwa kwa herufi kubwa kwenye jalada la kitabu cha mtafiti mmoja wa ng'ambo, inatosha. Tulikuwa watu wachache, nyumba hazizidi kumi, huko juu Mwika. Tulizungukwa na Wachagga, tukasali nao, tukaoana nao, mpaka lugha yetu ikabaki vinywani mwa wazee wawili watatu. Mimi naisikia, kuiongea siwezi.

Mtafiti alikuja miaka ile bei ya kahawa ilipoanguka na watu wakaanza kuing'oa mibuni. Nilikuwa nafundisha shule ya msingi Njoro, nina Kiingereza cha kuombea maji, akanichukua niwe mkalimani wake. Likizo nzima tulipanda na kushuka. Alirekodi nyimbo, akapiga picha vyungu, akaandika majina ya ndizi zote. Alikuwa mpole, na upole wake unaniudhi mpaka leo. Angekuwa jeuri ningepata wa kumtupia lawama.

Kisha akataka kuona sale. Ni lile jani refu la kijani linalopandwa mipakani na makaburini. Mlimani kote, aliyekukosea akikuletea sale anaomba msamaha. Kwetu sheria ilikuwa kali zaidi. Mkosaji anasema maneno yake kwa lugha yetu, na wewe ukiligusa jani kwa mkono, yamekwisha. Kosa limezikwa, si wewe wala yeye atakayelitaja tena mpaka kufa. Kama hutaki kusamehe, usiliguse.

Bibi alikuwa na miaka miwili haongei na baba mdogo, mwanawe wa mwisho. Siku moja bibi akiwa kanisani, baba mdogo aling'oa mibuni ya kihamba cha chini, shamba letu la urithi, akang'oa na masale yaliyopandwa juu ya kaburi la babu, kwa sababu alikuwa amempata mtu wa mjini anayetaka kujenga gesti. Lakini mnunuzi hakuthubutu kutoa chochote bila kauli ya bibi mbele ya ukoo. Mara mbili baba mdogo alikuja na sale. Mara mbili bibi aliificha mikono chini ya kanga na kutazama ukuta.

Hayo yote niliyajua. Narudia, niliyajua. Lakini mtafiti alitaka kurekodi, na waliobaki wanaoyajua maneno yale na wenye nguvu za kusimama walikuwa bibi na baba mdogo tu. Nikamwambia bibi ni maigizo, kama watoto wa kanisani wanavyoigiza Krismasi. Akakataa. Nikamsihi. Nikamwambia akifa na maneno yake, vitukuu hawatajua hata wametoka wapi. Hapo nikampata, maana hilo ndilo lililokuwa likimuuma kuliko yote.

Wakasimama uani asubuhi. Baba mdogo aliyasema maneno vizuri, taratibu, kichwa kimeinama. Bibi akanyoosha mkono, akalishika jani. Mtafiti akafurahi sana, kisha akaomba warudie kwa sababu jua lilikuwa limeingia kwenye kamera. Wakarudia. Ndiyo kusema bibi yangu alisamehe mara mbili asubuhi moja ili picha itoke vizuri.

Jumapili iliyofuata baba mdogo aliwaita wazee wa ukoo, pombe ya mbege ipo tayari. Akawaambia mama yake amepokea sale, kamera ni shahidi, na kihamba hakina tena mgogoro. Nilisimama nikasema ule ulikuwa mchezo, na mimi ndiye niliyeupanga. Nikamwita mwizi. Sikuwahi kumwita mkubwa wangu hivyo, na leo ningemwita tena. Wazee wakamgeukia bibi. Alichotakiwa kusema ni kwamba alikuwa anaigiza, basi, kihamba kingebaki.

"Nililishika," alisema.

Nikamwambia, "Bibi, waambie ukweli. Mimi ndiye niliyekulazimisha."

"Ukweli ndio huo, mjukuu wangu. Nikisema nililishika kwa uongo, basi na yote niliyomwambia mgeni wako ni uongo. Na ndiyo atakayoyaandika."

Gesti imejengwa. Kaburi la babu liko chini ya mahali wanapoegesha magari ya watalii. Bibi aliishi miaka mitano baada ya hapo na hakulitaja kosa lile hata mara moja. Baba mdogo alikuwa akija, anatoa shikamoo yake, anaitikiwa marahaba, anapakuliwa mtori kama mtoto mwema. Kitabu kilipofika nilikuta picha yao ukurasa mzima, na maelezo chini yake kwamba mama na mwana wanapatana. Nilikitupa chooni, na sijutii.

Watu wa nyumbani huniuliza mbona sikumwomba bibi msamaha kabla hajafa. Nilikwenda mpakani kukata sale mara nyingi kuliko wanavyojua, na kila mara nikarudi mikono mitupu. Angelipokea, namjua. Angelishika mara moja, wala asingeuliza. Na siku ileile ningekuwa nimefungwa mdomo mimi pia, pamoja naye, pamoja na yule mwizi. Amekufa hajanisamehe, kwa sababu sikutaka anisamehe, na kwa hiyo ninaweza kuyasema.