Kwenda Kirando Kuuliza Habari za Hofu

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, maduka ya Sumbawanga yalianza kujaa tena. Sabuni ilirudi, mitumba ikatandazwa chini mpaka karibu na stendi, na kila mwenye lori akawa mfanyabiashara, anashuka Ziwa Tanganyika na mahindi, anapanda na dagaa. Mizigo ilikuwa mingi kuliko boti za kuibeba. Ndivyo ilivyozama boti moja kusini mwa Kirando, imejaa watu na magunia, na ajali hiyo ndiyo iliyonipeleka huko.

Mimi ni muuguzi. Wakati huo nilikuwa kwenye wodi ya wagonjwa wa akili, nikikaa Milanzi, hapo hapo Sumbawanga. Mhadhiri mmoja wa saikolojia kutoka Dar es Salaam alikuwa akifanya utafiti juu ya watu walionusurika ajali: wanalala namna gani, wanaota nini, wanaogopa nini ambacho zamani hawakukiogopa. Alikuwa ameshafika Kirando mara moja, na kila alichouliza alijibiwa "hatujambo," mpaka akakunja karatasi zake akarudi. Akatafuta mtu wa huku huku, anayejua Kifipa na mwenye mazoea na wagonjwa. Nilikubali upesi. Kazini kwangu nilikuwa nikiletewa watu wakiwa wameshafungwa kamba, na nilitamani walau mara moja niwafikie kabla ya kamba.

Mhadhiri alinipa dodoso na maelekezo. Kila mtu ahojiwe peke yake, ndani ya chumba kitulivu, mlango umefungwa. Akaribishwe kiti, apewe maji ya kunywa, na mazungumzo yaanze taratibu. Niliyasoma yote nikaona yana heshima.

Asubuhi na mapema niliondoka Sumbawanga na lori la mahindi, nimekaa mbele na dereva, mzee mmoja mpenda maneno. Aliponiuliza nimebeba bidhaa gani nikamwambia sina bidhaa, nakwenda kuuliza watu habari za hofu. Akasema kama ni hofu tu nisingekuwa na haja ya kufika Kirando, ningesubiri tufike kwenye mteremko nimuulize yeye. Nilicheka, ila baadaye niligundua hakuwa akitania sana.

Kijijini Kate tulisimama kunywa chai. Upepo wa juu ule unapenya sweta utadhani hukuvaa kitu, na ulezi ulikuwa umelala mashambani kwa sababu yake. Ng'ombe wa Wasukuma waliohamia upande huo walikuwa wakivuka barabara bila haraka, nasi tukawasubiri wamalize. Mama muuza chai alisikia kazi yangu kutoka kwa dereva, ambaye hakuweza kukaa na jambo tumboni. Akauliza kama nimebeba na dawa. Nikasema hapana, ni maswali tu. Alinitazama kwa huruma akaniongezea andazi.

Baada ya Namanyere barabara ilianza kushuka. Hapo dereva alinyamaza. Lori lilinung'unika kwenye kona, magunia yakagusana nyuma yetu, na mimi nikashika dashibodi kwa mikono miwili. Joto lilipanda kadiri tulivyoshuka, sweta nikalivua, kisha kilemba. Ziwa lilipotokea chini, pana na la buluu, nilifurahi kwa sababu moja tu, kwamba mteremko unakwisha.

Kirando jioni inanuka dagaa, na baada ya siku moja unaacha kuisikia harufu hiyo. Nilipokelewa na Bi Mwajuma, mkunga wa zahanati, mtu mzima aliyezalisha karibu nusu ya kijiji na anayeongea na kila mtu kana kwamba bado anamfunga nepi. Nilimwamkia shikamoo, akanipa maji ya kuoga kwanza, habari baadaye. Tulipokula alinitajia walionusurika. Aliyemsumbua zaidi alikuwa Mama Leokadia, mchuuzi wa dagaa. Binti yake, Leokadia, alikuwa ameolewa kijiji cha kusini chini ya milima, ambako barabara haijafika, huendi ila kwa boti. Sasa alikuwa na mimba ya kwanza na siku zilikuwa karibu. Mama yake alikuwa ameahidi kuwepo.

"Ameahidi," Bi Mwajuma alisema, "na miguu haikubali. Akifika kwenye maji anarudi. Ameshafunga mzigo mara sijui ngapi."

Kesho yake nilipewa stoo ya zahanati. Nilifagia, nikaweka viti viwili na jagi la maji. Kinamama walionusurika walikuja wakakaa nje kwenye kivuli cha ukuta. Nilianza na Mama Leokadia. Nilimwita kwa jina, nikamwingiza peke yake, nikafunga mlango. Nikamkaribisha kiti. Nikammiminia maji, nikasema kwa sauti ya chini, "Mama, kunywa kwanza. Nataka tuzungumze taratibu."

Bilauri ilianguka. Alishika mikono yangu yote miwili akauliza, "Leokadia? Leokadia amekufa?" Kabla sijajibu alikuwa ameshakaa sakafuni anapiga yowe, na wale wa nje, waliposikia, walilipokea bila kujua ni la nani. Watu walitoka nyumbani wakikimbia. Mmoja alikuwa ameshaanza kufunga kanga kiunoni kama tunavyofunga kwenye msiba.

Nilielewa pale pale, na nilitamani ardhi inifiche. Wodini ni mimi ninayepewa kazi ya kuwaambia ndugu. Nafanya hivyo hivyo: namtoa mtu kwa wenzake, nafunga mlango, nampa kiti na maji, nashusha sauti. Kwetu hakuna habari njema inayoletwa namna hiyo. Maelekezo ya mhadhiri yalikuwa, hatua kwa hatua, jinsi ya kumpa mtu habari ya kifo, nami mwenyeji wa Rukwa nikayafuata kwa mama anayengoja habari za mwanawe. Tulimaliza asubuhi nzima mimi na Bi Mwajuma tukizunguka nyumba kwa nyumba kueleza kwamba hakuna aliyekufa.

Asubuhi iliyofuata sikufungua stoo. Nilivua viatu nikaenda ufukweni ambako kinamama walikuwa wakianika dagaa juu ya mchanga. Niliomba msamaha kwanza. Halafu nikachuchumaa nikaanza kuwasaidia kutandaza. Walinicheka, kwa sababu nilikuwa narundika badala ya kutandaza, na kicheko hicho kilinisaidia kuliko barua yoyote ya utambulisho. Maswali niliyajua kwa kichwa. Nilikuwa nauliza nikiwa nimeangalia dagaa, nao wanajibu wakiwa wameangalia dagaa.

Walisema mengi. Mmoja alikuwa hawezi tena kusikia bati likigongwa na upepo. Mwingine alisema analala vizuri, na jirani yake akamkatiza kwamba halali, wanamsikia akifagia uwanja kabla ya jogoo. Kwa utaratibu wa utafiti hilo ni kosa, mtu hajibiwi na mwenzake. Mimi niliandika yote mawili.

Mama Leokadia alisubiri mpaka safu yake ifike karibu na yangu. Alisema boti ilipopinduka alikuwa na mdogo wake. "Tulikuwa wawili kwenye dumu moja la mafuta. Wimbi likaja. Nilipoangalia tena niko peke yangu." Aliendelea kutandaza. "Sasa nikikanyaga boti, naangalia pembeni yangu kama kuna mtu." Nililia, na machozi yangu hakuyashangaa.

Siku zilizofuata mimi na Mama Leokadia tulijaribu kile nilichofundishwa chuoni, kuisogelea hofu kidogo kidogo. Tulianza kwa kusimama maji yakiwa vifundoni. Kisha tukakaa ndani ya boti iliyopandishwa nchi kavu, tukivuta pumzi polepole, huku wenzake wakimwita abiria wa mchangani na kumuuliza atawaletea nini kutoka Zambia. Alicheka nao. Kisha tukakaa ndani ya boti ikiwa majini imefungwa kamba. Hapo alishika ukingo kwa mikono yote miwili, lakini alikaa. Ila kamba ikiguswa tu, alikuwa ameshateremka. Tulirudia na kurudia, na kila mara kamba ikaishia kuwa ndiyo mpaka wake. Nilianza kuhesabu siku, nikaona tutachelewa.

Asubuhi moja boti ya kusini ilileta salamu za mkwe wake. Leokadia alikuwa amechoka kungoja. Alisema kama mama hawezi kuja, basi yeye ataletwa Kirando kwa boti inayofuata, ajifungulie kwa mama. Bi Mwajuma alikunja uso. Alisema tumbo lililofikia hapo si la kushindishwa juani ndani ya boti ya wazi, tena na upepo wa majira yale.

Mama Leokadia alikuwa akigeuza dagaa. Aliendelea mpaka akamaliza safu. Halafu alinyanyuka, akajikung'uta mchanga, akamuuliza mwenye boti anarudi lini. Akajibiwa ni sasa hivi, akishateremsha mizigo.

"Mwambieni asije," alisema. "Mtoto wangu asiingie kwenye yale maji na tumbo. Nakwenda mimi."

Alileta mzigo wake, ule ule uliokuwa umefungwa siku zote. Bi Mwajuma alichukua begi lake la ukunga akasema naye anakwenda, hakuombwa. Mama Leokadia aliingia, akakaa sakafuni mwa boti badala ya kwenye ubao, akafunika kichwa kwa kanga. Kamba ilipofunguliwa nilimsikia akilia kwa sauti, waziwazi, wala hakuna aliyemwambia anyamaze. Boti iliondoka hivyo, yeye analia na Bi Mwajuma amemshika bega. Nilisimama pale ufukweni nikiwa na hofu yangu mwenyewe, kwa sababu mimi ndiye niliyemzoeza kukaa ndani ya chombo kile.

Kurudi Sumbawanga sikuweza kungoja zaidi, likizo yangu ilikuwa inakwisha. Nilipanda na lori la dagaa. Kwenye mteremko, ambao sasa ulikuwa mlima, sikuona kona hata moja. Mawazo yangu yalikuwa kusini. Kate nilikunywa chai nikamwambia yule mama kwamba kweli, dawa ingefaa. Mjini mhadhiri, aliyekuwa akinisubiri, alifurahia majibu, akanisikiliza habari za stoo akaona aibu pamoja nami, na akafuta mwenyewe ule mstari wa mlango kufungwa. Alisema tutawauliza watu wale wale tena baada ya mvua, tuone nani amepata nafuu.

Baada ya mvua nilishuka tena Kirando. Sikutafuta chumba. Nilikwenda moja kwa moja kwenye mchanga, na Mama Leokadia alikuwa pale, amenenepa kidogo, anamfokea mtu aliyekanyaga dagaa wake. Bi Mwajuma alikuwa ameshanitangulizia habari njiani: mtoto wa kike, mzima, na mama mtu hakuchanika hata kidogo. Nilimpongeza bibi, tukacheka, nikavua viatu.

Swali la dodoso lilikuwa fupi: ukilinganisha na zamani, hofu yako ya maji imepungua, imebaki vilevile, au imeongezeka? Niliuliza huku moyoni nimeshamjibia. Mtu aliyekwenda na kurudi kwa boti, nilidhani jibu lake liko wazi.

Alitandaza konzi mbili za dagaa.

"Vilevile," alisema. "Kwenda nililia, kurudi nililia. Na mwezi ujao nakwenda tena, nitalia."

Nilikaa na kalamu mkononi. Kwenye jedwali la mhadhiri angesomeka kuwa mtu asiyepata nafuu, na dodoso letu lote halikuwa na mahali pa kuuliza mtu alitaka kufika wapi na kama amefika. Baadaye tuliliongeza swali hilo, na ndilo ninalolitanguliza hadi leo kwa kila anayeletwa kwangu. Lakini siku hiyo halikuwepo. Mama Leokadia aliniona nasitasita, akanigusa mkono kwa vidole vyenye magamba ya dagaa.

"Andika vilevile, nesi, usiogope," alisema. "Halafu andika nilikuwepo."