Maganda ya Dancille na Harufu ya Moshi

Saa kumi na mbili asubuhi, kijijini Kashebere. Dancille anageuza maganda ya ndizi kivulini, chini ya kibanda kisicho na kuta. Anainua moja, analinusa, analirudisha. Ana miaka 52, na kazi yake ni kutengeneza kasiksi, pombe ya ndizi.

Zamani maganda yalikuwa ya mbuzi. Siku hizi mbuzi wanaambulia kuyatazama.

"Majirani banasema Mama Gaëlle analinda takataka," anasema akicheka. "Miye niko nalinda njia ya mutoto wangu."

Mtoto huyo, Gaëlle, anasoma kemia Bukavu. Maabarani, yeye na wenzake huchemsha maganda, kisha maji yake huyachanganya na chumvi ya madini ya fedha. Hapo hutokea chembe za fedha ndogo mno, jicho haliwezi kuziona, na kemikali kali zilizozoeleka hazihitajiki. Chembe hizo hupakwa kwenye chujio la udongo ili ziue vijidudu vya maji. Chujio bado linajaribiwa.

Miaka mitatu iliyopita Gaëlle aliaga kwa ahadi: atarudi na chujio la kusafisha maji ya chemchemi ya kijiji, yanayowaumiza watoto matumbo. Vita vimefunga barabara mara nyingi tangu hapo, na mama hajamwona.

Gunia la kwanza la maganda la kumpelekea Gaëlle, Dancille alilikausha juu ya moto jikoni, mahali anapohifadhi mahindi na maharagwe. "Moshi njo inalinda chakula. Nikasema na maganda iko vilevile."

Maabara ililikataa, kwani moshi ungevuruga vipimo. Miezi miwili ikapotea. Dancille alilia, na hakuwa akililia maganda. Alikuwa amejiongezea mwenyewe siku za kungoja.

Jioni moja Gaëlle akapiga simu. "Mama, ile gunia sikuitupa. Iko mu chumba yangu. Inanuka moshi ya kwetu."

Tangu hapo, kila gunia safi la kilo ishirini linapopakiwa kwenye pikipiki kuanza safari ya Bukavu, huongozana na kifurushi kidogo kilichokaushwa jikoni. Hicho si cha maabara.

Anatarajia nini? Dancille anatazama barabara kwanza.

"Akikuja na chujio, muzuri. Akikuja bila kitu, iko muzuri vilevile. Nitamuambia: kaa karibu na moto, mutoto wangu. Hapa moshi haiharibu kitu."