Kikapu cha marehemu kilivyowahi foleni kwenye mashine ya serikali

Wakuu, shikamooni wachache mnaostahili, wengine marahaba.

Mimi ni mhenga wa kweli, si hawa wahenga wa mtandaoni wenye miaka thelathini. Simu nimenunuliwa na mjukuu, kuandika nimejifunza mwenyewe, kwa hiyo mkiona herufi zimeruka mvumilie. Ninachoandika nilikiona kwa macho yangu. Asiyeamini apite tu kimya kimya.

Juzi nilisoma uzi wa vijana wanalalamika kwamba serikali ikikuwezesha kwenye biashara, kesho yake inakuja kukagua kama umeshatajirika. Nikacheka peke yangu.

Sisi nyumbani tuliwezeshwa miaka ya hamsini, enzi za mkoloni.

Location ni milimani huko juu ya Ilula, Iringa. Kijiji sikitaji, wajukuu wa wahusika wapo humu.

Baba alikuwa kibarua kwenye mashamba ya chai Mufindi. Siku moja jumbe akatangaza kwamba Boma la serikali linatafuta Waafrika wa kuanzisha biashara ndogo, na atakayekubaliwa atapewa mashine ya kusaga. Baba akaacha chai, akarudi kuchoma matofali na kujenga banda. Akakubaliwa. Ikaja injini ya dizeli na mkanda wake, kijiji kizima tukaisukuma kupandisha mlima.

Sharti lilikuwa moja. Mzungu tuliyemwita Bwana Maendeleo angekuja kukagua. Akikuta mashine inasaga, inabaki. Akikuta imelala, inapelekwa Mbeya, kuna mtu huko alikuwa anaingoja kwa hamu.

Baba hakuwa na pa kurudi. Mufindi nafasi yake ilishachukuliwa, na sisi watoto tulikuwa wengi, tunakula kama nzige.

Sasa niwaeleze kitu kuhusu kijiji chetu, maana bila hiki hamtaelewa.

Kwetu mtu akifa, vinu vyote vinageuzwa mdomo chini mpaka azikwe. Hakuna kutwanga. Mama alinieleza sababu nikiwa mdogo, na ilininyima usingizi: marehemu akisikia kinu atadhani ni siku kama siku nyingine. Atageuka arudi nyumbani kupika.

Tuendelee.

Mteja wa kwanza wa baba alikuwa jirani yetu, Bibi Tulalumba. Bibi wa utani sana. Alikuwa anamwambia baba, "Mkwe, hii mashine yako inapiga kelele kuliko mke mwenzangu, lakini angalau yenyewe inafanya kazi." Alikuwa na kikapu cha milulu, yale majani ya kusukia ya kwetu, kilichochanika mdomoni, akakishona kwa uzi mwekundu aliouchomoa kwenye blanketi. Nilimshikia mwenyewe wakati anashona.

Utaratibu wa foleni ulikuwa wa vikapu. Unaweka chako jioni, unaenda zako, asubuhi kinasagwa kwa zamu. Hakuna mtu aliyeruka kikapu cha mwenzake. Ilikuwa aibu kubwa.

Jioni moja Bibi Tulalumba akaweka kikapu chake mbele kabisa ya mstari.

Asubuhi tukasikia kilio. Bibi hakuamka.

Na siku hiyo hiyo ndiyo Bwana Maendeleo alikuwa anakuja.

Wakuu, hakukuwa na simu ya kumwambia ahirisha. Enzi hizo hakukuwa na mochwari pia, mtu anazikwa siku hiyo hiyo. Watu wakaja mmoja mmoja bandani kuchukua vikapu vyao, hawamsemeshi baba, wakaenda msibani. Kikabaki kikapu kimoja tu mbele ya mashine. Mwenyewe hakuwepo wa kukichukua.

Mama akasema, "Baba Ester, leo hakisikiki kinu."

Baba akajibu, "Hiki siyo kinu. Hii ni mashine ya serikali."

"Marehemu atajuaje tofauti?"

Baba akatoka. Alitaka achukue mahindi yetu kwenye kihenge ili awe na cha kusaga, mama akakaa mlangoni pa kihenge na mtoto mgongoni. Hakuondoka. Baba hakuwa mtu wa kumsukuma mke wake, hilo nampa sifa.

Land Rover ikapanda ikitokea kwenye ukungu. Bwana Maendeleo akashuka, kijana tu, pua nyekundu kwa baridi. Akauliza, "Wateja wako wapi?"

Baba akasema wapo shambani. Halafu nikamwona anainama, anachukua kikapu chenye uzi mwekundu, anamimina.

Ng'ambo ya bonde walikuwa wanaimba, wanamshusha bibi kaburini. Injini ilipounguruma, wimbo ulikatika. Haukuisha, ulikatika. Niliwaona wanaume wamesimama na majembe wanatazama upande wetu, wote, hakuna aliyesogea.

Bwana Maendeleo akachota unga kiganjani, akanusa, akasema, "Vizuri sana." Akaondoka ameridhika.

Jioni baba akapeleka ule unga msibani kwenye kikapu chake, pamoja na mbuzi wa kuomba radhi. Mtoto mkubwa wa marehemu alimpokea mbuzi. Kikapu hakukigusa.

Akasema kwa upole tu, "Rudi nacho. Mwenyewe atakuja kukichukua. Si umemwita?"



Baba akakirudisha bandani, akakiweka pale pale kilipokuwa. Siku za mwanzo hakuja mtu. Baadaye wanawake wakachoka kutwanga, wakaanza kurudi. Lakini kila mtu aliweka kikapu chake nyuma ya kile cha marehemu. Hakuna aliyekubaliana na mwenzake, ilitokea tu.

Na ule unga ukawa unapungua.

Siyo kwa kumwagika. Unapungua kama mtu anachota wa kutosha chungu kimoja. Baba akasema panya. Akatega mitego, haikunasa kitu. Akamwaga majivu sakafuni, asubuhi majivu yalikuwa safi, hata unyayo wa mende hamna. Unga umeshuka tena.

Kuna asubuhi mama alitoka nje kwenye ukungu, akarudi ndani haraka, akafunga mlango. Tulimuuliza umeona nini. Akasema hajaona kitu, ila amesikia harufu ya ugali kutoka nyumba ya marehemu, na ile nyumba ilikuwa imefungwa tangu matanga. Nilitoka kuhakikisha, maana nilikuwa mbishi. Harufu ilikuwepo. Niliogopa sana, nikaingia kitandani kwa mama na ukubwa wangu wote.

Hatimaye tukakuta kikapu kimeisha. Kimekung'utwa safi, kimegeuzwa mdomo chini kama kinu cha msibani. Mama akashukuru Mungu kwa sauti. Tukajua bibi kamaliza, kaenda.

Kesho yake kikapu kilikuwa wima. Kimejaa mahindi.

Baba aliuliza kijiji kizima, nyumba kwa nyumba. Kila mtu alikataa, na nyuso zao zilikuwa za watu wanaosema kweli.

Foleni ilikuwa ndefu siku hiyo. Watu walisimama wanamtazama baba, yeye anatazama kile kikapu. Kusaga hataki. Kukiruka hakuna anayethubutu, hata yeye. Jua lilipokuwa kali watu wakabeba vikapu vyao na kuondoka, na ndivyo ilivyokuwa siku zilizofuata.

Bwana Maendeleo aliporudi, alikuta mashine imelala. Baba akamweleza ukweli wote, hakuficha kitu. Mzungu hakucheka, hilo nakumbuka. Aliuliza tu, "Kwa nini hukuyasaga hayo mahindi, mambo yaishe?"

Baba akasema, "Bwana, nikisaga atakuwa na sababu ya kurudi."

Lori likaja likaibeba mashine kwenda Mbeya. Baba alisimama barabarani mpaka vumbi likatulia. Halafu akachukua kikapu kile, akakipeleka kaburini, akayamwaga mahindi, akakigeuza mdomo chini juu ya udongo. Nilikuwepo. Kisha akaenda Mufindi kuomba kazi upya, akaanza chini kabisa na watoto wadogo wa kuchuma.

Nilidhani ndiyo mwisho wa habari.

Kabla ya uhuru niliolewa Mbeya. Mama mkwe akanituma kusaga, nikiwa bado bibi harusi, naona aibu kumtazama mtu usoni. Nikasikia ule mlio kabla sijafika. Wakuu, mlio wa mashine iliyowalisha nyumbani kwenu kisha ikawanyima huwezi kuusahau. Ilikuwa ileile.

Foleni ya vikapu imepangwa nje. Nikauliza mwisho ni wapi, nikaweka changu. Mwenye mashine, baba mtu mzima mwenye kofia ya sufu, akaniambia, "Kamwali, weka popote, ila kile cha mbele usikisogeze."

"Cha nani?"

"Hatujui. Tulikikuta asubuhi baada ya mashine kufika. Kikijaa tunasaga, kikiisha kinajaa tena. Tumezoea."

Sikutaka kutazama. Nikatazama.

Uzi mwekundu.

Nilifanya kitu ambacho sijawahi kumwambia hata marehemu mume wangu. Nilichuchumaa pale mbele ya watu, nikamsalimia kwa Kihehe, "Kamwene, bibi. Baba anaomba msamaha." Kisha nikasaga zangu, nikaondoka. Sikurudi tena pale, nilitwanga kwa mikono mpaka mama mkwe akaniona mshamba.

Funzo langu ni hili. Msaada wa serikali si mbaya, na wala simlaumu yule mzungu. Lakini anayekuletea mashine na tarehe ya ukaguzi, muulize mapema: siku hiyo tukiwa na msiba itakuwaje? Baba hakuuliza, kwa sababu aliogopa kuonekana hana shukrani.

Mjukuu wangu kapata mkopo wa vijana, kafungua mashine ya kusaga. Jana kanipigia ananiuliza kama nimemtumia mtu na kikapu cha kizamani, kimekaa mbele, mwenyewe haonekani.

Bado sijamjibu. Nyie mngemwambia asage, au afunge?