Mama Kijiko Aitwa Ofisini

Saa nne asubuhi, kijiko kinagonga bakuli la chuma mara tatu, na wodi ya wanaume inasimama.

Wanaosimama si wagonjwa. Wagonjwa wa wodi hii hawana uwezo huo. Wengi wamevunjika nyonga au wamepooza upande mmoja, na ndiyo maana wako hapa. Wanaosimama ni wake, kaka, mabinti, wajomba na mashemeji walioketi kando ya vitanda. Mmoja anaacha kumenya chungwa. Mwingine anakatiza simu: "Nitakupigia baadaye, kijiko kimelia." Kila mmoja anamwinamia mgonjwa wake, anamshika begani na nyongani, na kwa pumzi moja wodi nzima inageuzwa kutoka ubavu mmoja kwenda mwingine.

Shuka zinanyooshwa. Mito inapachikwa mgongoni na katikati ya magoti. Chungwa linaendelea kumenywa.

Aliyegonga kijiko ni mwanamke mfupi mwenye miwani ya kamba na viatu vyeupe vilivyochoka kuliko yeye. Hakai kutazama kazi ya wenzake. Amekwisha kufika kitanda cha mwisho, alikolazwa mlinzi mmoja wa ghala asiye na ndugu mjini, na huyo anamgeuza mwenyewe. Kisha anapita kitanda kwa kitanda akichungulia visigino vya watu.

"Uso wa mgonjwa unadanganya," anasema bila kuinua kichwa. "Atakwambia hajambo ili asikusumbue. Kisigino hakina adabu hiyo."

Jina lake limeandikwa kifuani, lakini hakuna anayelisoma. Kutoka getini hadi chumba cha kufulia anaitwa Mama Kijiko, na wiki hii jina hilo liko midomoni mwa wengi. Uongozi wa hospitali unataka awe matroni, mkuu wa wauguzi wote. Jibu linatakiwa kabla ya Ijumaa. Wenzake wameshampongeza, wengine wameshaanza kumsalimia kwa kuinama kidogo. Yeye hajasema ndiyo wala hapana, na leo ni Alhamisi.

Kwa mtu wa nje, hilo ni jambo la kushangaza. Nani anaitwa juu akasita? Ofisi ya matroni iko ghorofa ya pili, ina feni na kiti kinachozunguka. Mshahara unaongezeka kwa karibu theluthi. Mume wake, fundi wa baiskeli, ameshapima uani mahali ambapo tangi la maji lingekaa. Alipoulizwa kama amemshauri mkewe akubali, alikana katakata. Alisema yeye amepima tu, kupima si kushauri.

Mama Kijiko anacheka anaposikia habari za tangi. Kisha anaacha kucheka.

"Seremala akiwa hodari hanyang'anywi randa," anasema. "Sisi ukimhudumia mgonjwa vizuri, zawadi yako ni kuondolewa kwa mgonjwa. Unapewa meza. Nimejiuliza miaka mingi, huko ni kupanda au ni kuhama?"

Ili kuelewa kwa nini swali hilo linamkera, ni lazima kurudi nyuma, kwenye mgongo wa mwalimu mmoja mstaafu.

Alipokuwa mwanafunzi wa uuguzi, walifundishwa kwamba mgonjwa wa kitandani husuguliwa. Unamimina spiriti kiganjani, unasugua mgongo, makalio na visigino mpaka ngozi iwe nyekundu, unamalizia na poda. Hivyo ndivyo vidonda vya kulalia vilivyozuiwa, au ndivyo walivyoamini. Na katika kusugua, yeye hakuwa na mpinzani. Wagonjwa waliulizana kama yuko zamu. Anasema bila haya kwamba alivimba kichwa.

Mwalimu mstaafu aliletwa akiwa amepooza. Alikuwa mcheshi, akimsahihisha matamshi huku amelala kifudifudi. Nesi kijana alimpenda kama baba, na kwa kuwa alimpenda alimsugua mara nyingi kuliko wote. Mgongo ule ukafunguka. Kidonda kikaingia ndani mpaka kwenye mfupa, na mwalimu hakutoka hospitalini akiwa hai.

"Nilidhani sikumsugua vya kutosha," anasema.

Miaka ikapita, akawa nesi mzoefu, ndipo akapelekwa kwenye semina. Mkufunzi kijana akawaeleza kwamba ngozi ikishakuwa nyekundu juu ya mfupa, chini yake nyama imeanza kufa kwa kukosa damu, na kuisugua ni kuichana zaidi. Dawa ni kumgeuza mtu, kumwondolea uzito mahali pamoja. Mama Kijiko alisimama na kumwambia kijana yule kwamba yeye alikuwa akisugua migongo wakati mkufunzi bado ananyonya. Ukumbi ukacheka, na yeye akacheka nao. Njiani kurudi nyumbani akamkumbuka mwalimu, na hapo akakaa ukingoni mwa barabara akalia mbele ya wapita njia.

Bintiye anafanya kazi maabara katika mji mwingine. Kazi yake, kwa maelezo ya mama, ni kurudia majaribio ambayo watu wengine wameshayamaliza ili kuona kama walikosea. Siku moja mama alimsimulia habari za spiriti. Binti alifurahi, na akamweleza kwamba kwao hiyo ndiyo maana ya kusonga mbele: mtu akionyesha ulipokosea unamshukuru, unafuta, kazi inaendelea. Akamwambia, mama, kumbe na wewe ni mwanasayansi.

"Nikamwambia, mwanangu, nyinyi mnakosea kwenye vichupa," Mama Kijiko anakumbuka. "Mimi nilikosea kwenye mgongo wa mtu."

Hata hivyo alifuta. Chupa ya spiriti ikarudi kabatini na kugeuza kukaanza. Lakini kugeuza kunataka mikono, na zamu ya wodi hii ina wauguzi wawili kwa vitanda thelathini. Wakimaliza kugeuza wa mwisho, wa kwanza ameshachelewa. Mchana mmoja alikuwa akihangaika peke yake na dereva mmoja wa lori, jitu la miraba minne, mke wa mgonjwa wa jirani akainuka, akashika upande wa pili bila kuombwa. Lile jitu likageuka kama mkate kwenye kikaango.

Akatazama wodi. Kila kitanda kilikuwa na jamaa aliyekaa kutwa nzima akishika tama, hana la kufanya ila kuogopa. Akachukua kijiko kikubwa cha chakula, akagonga bakuli, na tangu hapo hugonga kila baada ya saa mbili. Siku za mwanzo watu walidhani amerukwa na akili. Leo wodi yake ina vidonda vichache kuliko wodi zote za hospitali, na uongozi unalijua hilo vizuri. Ndiyo maana wanataka kumwondoa humo na kumpandisha.

Kuna jambo jingine, na hilo ndilo linalomnyima usingizi. Kamati ya hospitali inakusudia kuwaondoa jamaa wodini, waje saa za kutazama wagonjwa tu. Mganga mkuu, daktari mpole asiyependa makelele, anazo sababu zake na si za uongo. Watu wanajazana, wanaketi vitandani, wanaleta mafua, na shuka zinapotea. Lakini jamaa wakitoka, kijiko kitamgongea nani? Katika kamati hiyo nesi wa wodi hana nafasi. Matroni anayo.

Mdogo wake ni diwani. Jumapili iliyopita alikuja kumshawishi, na alimwita dada mara nyingi kuliko kawaida yake. Alimkumbusha jinsi yeye, kabla ya udiwani, alivyopiga kelele miaka nenda miaka rudi kuhusu mtaro wa mtaa wao, akiandika barua na kuandamana na ndoo, na hakuna aliyegeuka. Alipopata kiti tu, mtaro ukachimbwa.

"Dada, asiyekuwepo na lake halipo," alimwambia. "Wewe kaa huko chini na wema wako. Watakuamulia, halafu watakuletea tangazo ubandike mlangoni."

Dada akamuuliza ni lini mara ya mwisho alikwenda kuutazama mtaro huo mvua iliponyesha. Diwani akacheka, akasema mambo ni mengi. Kisha akakiri kwamba kiti ni kitu cha ajabu: kukipata ni kazi moja, kukilinda ni kazi mbili, na ya tatu, ile uliyokitafutia, inabaki ikikungoja mlangoni. Dada akamwambia sasa ameelewa kwa nini suruali zake zote zinapauka nyuma.

Basi akabaki na pande mbili za swali moja. Akipanda, anaweza kukiokoa kijiko na asiwepo wa kukigonga. Akibaki, anaweza kuamka siku moja akakuta hana wa kumgongea.

Alhamisi hii, baada ya kijiko cha saa nne, mganga mkuu anamwita juu wazungumze. Anavua aproni, anaosha mikono, anapanda ngazi. Mazungumzo ni mazuri, na ubaya wake ni huo, kwa sababu hayaishi. Mganga anaeleza habari za maambukizi kwa michoro. Chai inaletwa. Mama Kijiko anatazama saa ya ukutani zaidi kuliko anavyomtazama mwenyeji wake, na inapokaribia saa sita anatia mkono mfukoni, anakiona kijiko. Amepanda nacho.

Anasimama katikati ya sentensi ya mkubwa wake. "Samahani, daktari. Yule mlinzi hana mtu."

Anashuka ngazi kwa kasi isiyolingana na umri wake, mganga mkuu nyuma yake akidhani kuna mtu amekata roho. Wanafika mlangoni mwa wodi saa sita imeshapita. Hakuna kelele. Watu wamekaa, mmoja anapiga mwayo. Na wagonjwa wote, waliokuwa wameelekea mlangoni, sasa wameelekea dirishani.

Anakwenda moja kwa moja hadi kitanda cha mwisho. Mlinzi naye ameelekea dirishani, mto uko mgongoni, mwingine katikati ya magoti.

"Nani kamgeuza huyu?"

Anayejibu ni mama mmoja mtu mzima aliyekaa na mumewe wodini muda mrefu, wanamwita Mama wa Dirishani. Anaeleza kwamba walimngoja kidogo, wakaona hatokei, naye akagonga kikombe chake kwenye chuma cha kitanda. Mlinzi walimgeuza yeye na binti wa kitanda cha jirani. Kulikuwa na shemeji mmoja mgeni aliyetaka kumgeuza mgonjwa wake kwa kumvuta mguu wa nyonga iliyovunjika, wakamzuia, wakamwonyesha. Anasema hayo yote kwa sauti ya mtu anayeeleza kwamba ameanua nguo mvua ilipoanza.

Mama Kijiko anachungulia visigino, kimoja kimoja. Havina la kumlaumu. Anavuta stuli na kuketi, na nesi mwenzake wa zamu anasema hajawahi kumwona akiketi wodini.

"Nilifurahi," ataeleza baadaye, "na niliumia, nisikufiche. Miaka yote hii nilidhani mimi ndiye kijiko."

Mganga mkuu bado amesimama mlangoni, mikono nyuma. Anamuuliza Mama wa Dirishani nani alimfundisha, naye anamtazama kama mtu aliyeulizwa nani alimfundisha kupika. Daktari anakaribia kitanda cha mlinzi, anainua shuka, anatazama kisigino muda mrefu. Kabla ya kuondoka anarudi kuutengeneza ule mto, ingawa haukuhitaji kutengenezwa.

Jibu, daktari analipata hapo hapo wodini. Mama Kijiko anamwambia atapanda. Lakini hoja ya kuwatoa jamaa itakapofika, anaomba kamati isikae juu, ishuke ikae humu saa nne asubuhi, kwa wakati wa kijiko. Yeye atakuja na hoja yake: jamaa mmoja kwa kila kitanda, aliyefundishwa, aliyenawa mikono na asiyeketi kwenye shuka, maana la maambukizi ni kweli na yeye hana ugomvi na kweli. Aligombana nayo mara moja kwenye semina na anajua ilivyomgharimu.

Je, watakubali? Hajui. Mganga mkuu amesema watalitazama, na neno hilo, diwani anamwonya dada yake, ni pana kuliko uwanja wa mpira. Bintiye amempigia simu kumtaka aandike habari za wodi hiyo ili wengine wajaribu kuona kama amekosea. Mama mtu amesema wakaribishwe, na wakija wanawe mikono.

Mumewe amekwenda kuuliza bei za matangi. Kuuliza tu.

Jioni, akiwa anafunga kabati la wodi, anaulizwa kama atakiacha kijiko kwa atakayempokea, au kwa Mama wa Dirishani. Anakitoa mfukoni, anakifuta kwa upindo wa gauni, anakirudisha mfukoni.

"Hapa hawakihitaji, wana vikombe vyao," anasema. "Hiki napanda nacho. Huko juu ndiko kuna watu waliolalia ubavu mmoja muda mrefu."