Nilipima pumzi ya mama yangu wakati wa vita, maswali nikayaruka

Wakuu, salamu kutoka Uvira, Kongo. Haya nimeyaishi mwenyewe na aibu yake ni yangu, kwa hiyo sina sababu ya kutia chumvi.

Wakati wa vita nilikuwa fundi wa maabara, namsaidia daktari mgeni aliyekuwa anafanya utafiti wa ugonjwa sugu wa mapafu.

Mgonjwa anapumua kwenye mrija uliozungushiwa barafu (barafu tuliitoa depo ya bia). Pumzi inageuka matone, tunayatia dawa, tunasoma rangi. Mapafu yaliyoumia hutoa hydrogen peroxide nyingi kuliko kawaida, na rangi inakuwa kali. Wataalamu wanaita oxidative stress. Mimi niliwaambia watu tunaangalia kama ndani bado kunaungua.

Kabla ya kupima kulikuwa na maswali. Umevuta sigara leo? Umekula nini? Umesukutua na nini? Niliuliza mtaa mzima.

Mama yangu amekausha samaki kwa moshi tangu sijazaliwa, na anakohoa hasa. Zamu yake ilipofika, sikumuuliza kitu. Jamani, unaanzaje kumhoji mama mzazi habari za mdomo wake mbele ya watu? Karatasi nikaijaza mwenyewe.

Rangi yake ikatoka kali kuliko za wote. Daktari akanionya: hiki ni cha utafiti, usimwamulie mtu maisha kwa kipimo kimoja.

Sikumsikia.

Wiki hiyohiyo mapigano yakasogea. Daktari akaondoka. Watu wakawa wanavuka mpaka kwenda Burundi kwa miguu, maana pikipiki zilikuwa zimepotea zote. Mke wangu na watoto wakatangulia. Mimi nikaamua mama hawezi kufika, pumzi itamkatikia njiani, nikabaki naye.

Siku ya tatu, mchana, risasi zinasikika mtaa wa pili. Tumelala sakafuni. Niliogopa, siwadanganyi.

Mama akauliza kwa nini hatuondoki. Nikamweleza ile rangi.

Akasema: "Asubui ile nilisukutua na eau oxygénée. Docta ni mugeni, nitamupulizia harufu ya samaki?"

Wakuu, eau oxygénée ni ile dawa ya vidonda inayotoa povu. Ndiyo hydrogen peroxide yenyewe! Nilikuwa nimepima chupa ya dawa, si mapafu.

Nikafoka: mbona hukusema?

"Weye uliuliza batu bote. Miye haukuniuliza."

Tukatoka saa ileile. Alipumzika kila baada ya nyumba chache, mkono begani kwangu, lakini alifika. Ng'ambo tukamkuta mke wangu. Siku zote tatu alikuwa amekaa palepale, anatazama sura ya kila anayevuka.

Mapafu ya mama ni mabovu kweli, hilo halikubadilika. Ila nilikaribia kutuua sote wawili kwa heshima.

Nyinyi mliowahi kumhoji mzazi mambo ya hospitali, mlianzaje? Nielezeni, maana mpaka leo nikimuuliza mama kitu naangalia chini.