Testa Iliyowaka Pande Zote Mbili

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, siku yangu ya kwanza kazini, niliingia kituo cha maziwa cha Kilema nikakuta tangi la kupoza limenyamaza. Nilikuwa na miaka arobaini na mitatu. Umeme nilijifunza peke yangu, kwa vitabu vya kuazima na redio mbovu, na karakana ya chama cha wafugaji mjini Moshi ilikuwa imenichukua kwa majaribio. Tangi lilikuwa na lita mia moja na themanini za maziwa ya kina mama wa kijiji. Gari la mnunuzi lingefika saa tisa.

Nilitoa testa, ile bisibisi yenye kitaa kinachowaka ikigusa umeme. Kwenye waya wa moto, unaoleta umeme, iliwaka. Kwenye nyutro, unaourudisha, iliwaka pia. Kitabu kilisema nyutro haiwashi testa. Nikazima swichi ya tangi, testa kwenye nyutro ikazima. Nikawasha, ikawaka. Nilirudia mara sita nikiandika kila jibu, na kadiri nilivyoandika ndivyo nilivyozidi kupotea.

Mama Mwenyekiti wa kikundi cha kina mama hao akasimama mlangoni.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Umeme umo?”

“Umo. Tena kwenye waya zote mbili.”

“Umejaa hivyo halafu mashine imelala? Hebu nieleze mimi nisiyesoma.”

Nilibahatisha. Nikamwambia mota imeungua. Nikaifungua skrubu moja moja. Ilikuwa nzima. Nikaifunga, nikaifungua tena. Kumpigia Fundi Mkuu wa karakana siku ya kwanza niliona aibu, nikachelea kurudishwa nyumbani. Nilimpigia saa nane, nikamsomea nilichoandika na kumweleza habari ya mota.

“Nani kakutuma kufungua mota?” akafoka. “Nyutro imekatika huko nje. Umeme unapita kwenye mota, unatokea kwenye nyutro, unakosa pa kurudia. Umesimama.”

“Kama umesimama, mbona testa inawaka?”

“Wewe si Mchagga? Mfongo, mfereji wa kumwagilia, ukizibwa kule chini, maji hayajai mpaka kwenye migomba yako? Yapo, ila hayaendi. Acha mota ya watu, kaangalie jointi!”

Nikazima swichi kuu. Pale waya unapoingia jengoni, jointi ya nyutro ilikuwa imeliwa na kutu, imebaki unga mweupe. Nilikata, nikaunga upya. Saa tisa kasoro robo tangi likanguruma.

Mnunuzi alichanganya maziwa kidogo na spiriti kuyapima, maana yaliyochacha huganda. Yakaganda. Akatikisa kichwa, akaondoka.

“Haya, fundi,” akasema Mama Mwenyekiti, “mashine imefufuka, maziwa yamekufa.”

Hawakunifukuza. Nilihudumu Kilema, kisha kituo cha Kwa Sadala, kisha karakana kuu, hadi nilipostaafu kwa hiari nikiwa na miaka hamsini na mitano. Nyutro zilizokatika nimeunga nyingi. Umeme uliosimama, unaowasha kitaa na kushindwa kuzungusha mota, naweza kuueleza. Kuuelewa kabisa, bado. Ila wewe kijana unayeanza ufundi, usipoelewa, sema kabla hujashika bisibisi. Mimi nilinyamaza karibu saa tano, na kwa bei ya wakati ule, shilingi mia nane kwa lita, kina mama wale walipoteza shilingi laki moja na arobaini na nne elfu.