Posa Iliyoninyima Maharage

Maharage bora kuliko yote niliyowahi kula yalipikwa chini ya turubai la bluu, kando ya foleni ya malori, Tunduma. Sisemi hivi kwa sababu mpishi alikuja kuwa mama mkwe wangu. Nasema hivyo ingawa alikuja kuwa mama mkwe wangu, maana siku ileile nilinyang'anywa maharage.

Nilikuwa karani katika ofisi ndogo ya kujaza fomu za mizigo inayovuka kwenda Zambia. Asubuhi nilijaza fomu, jioni niliandika riwaya yangu ya kwanza, na katikati, saa saba kamili, nilikwenda kula. Kibandani pale palikuwa na mabenchi mawili, meza iliyopinda kama mgongo wa ng'ombe mzee, pipa la maji, na mama mmoja wa Isansa, mrefu, mjane, mwiko hautoki mkononi. Kiswahili chake kilitembea mwendo wa Kinyiha, kikipanda na kushuka kama njia za kwao milimani. Maharage aliyachemsha tangu alfajiri kwa moto wa magunzi, akayatia kitunguu, nyanya na kijiko cha karanga zilizosagwa, hadi mchuzi ukapata rangi ya udongo wa Mbozi mvua ikishanyesha. Nilipoyala nilihisi kwamba kuna mtu duniani anajua nimefika salama.

Wateja wake wengi walikuwa madereva. Foleni ikisimama siku tatu, madereva huwa wanakijiji: wanajuana koo, wanasuluhishana, wanasengenyana. Mimi waliniita Mwandishi kwa sababu ya daftari langu.

"Mwandishi, hiyo usiandike!"

"Mwandishi, andika kwamba ndugu huyu amemaliza chapati sita na bado anasema anaumwa."

Mama alikuwa na desturi moja iliyonipa kichwa kikubwa. Kabla ya kumpakulia mtu yeyote aliniletea kijiko. "Onja chumvi, mwanangu. Hawa ndimi zao zimeungua na dizeli." Nilionja, nikasema kweli, akarekebisha. Hakuna mhariri aliyewahi kunisikiliza kama alivyonisikiliza mama yule.

Alikuwa na binti, mwalimu wa shule ya msingi huko Itumba, aliyeshuka kila Jumamosi kumsaidia. Siku ya kwanza kuonana alisimama nyuma yangu na birika la chai, akasoma daftari langu juu ya bega, akasema, "Mbona mvua yako inanyesha kila ukurasa?" Nikaifuta mvua. Miezi minane baadaye nikataka kumwoa.

Ndugu zangu wako Morogoro, mbali. Kwa hiyo mshenga wangu akawa dereva mmoja wa Tanga, mtu mzima mwenye sauti laini, ambaye foleni ilimweka pale siku ya nne. Alikubali kwa sharti moja: foleni ikisogea, mwenzake amsogezee lori. Akavaa kanzu yake ya Ijumaa, akaenda Isansa na barua, akarudi Jumapili na mkungu wa ndizi na habari njema.

"Wamekubali. Baba mkubwa wa binti ndiye msemaji wa ukoo. Amecheka mara mbili."

Jumatatu, saa saba kamili, nilikwenda kula nikiwa na shati lililopigwa pasi. Mama aliponiona aliachia mfuniko ukaanguka, akavuta kitenge akajifunika kichwa, akatokomea nyuma ya pipa la maji. Nilidhani ameona mgambo.

"Mama, kuna nini?"

Pipa halikujibu. Benchi zima lilikuwa limeinamia sahani, mabega yakitikisika kwa kicheko.

"Bwana harusi," alisema yule dereva wa Tanga, akijifuta machozi, "hukuambiwa?"

"Kuambiwa nini?"

"Kwenye ukoo wao mkwe hali mbele ya mama mkwe. Hamtazamani, hamsemezani, wala huonekani ukitafuna. Mpaka wazee wakufungue."

"Wanifungue kwa nini?"

"Kwa jogoo. Baada ya mahari. Wamesema kahawa ikishavunwa."

Ilikuwa Machi. Kahawa ya Mbozi ilikuwa bado ya kijani mitini, haina haraka na mtu.

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua jana."

"Mbona hukunitetea?"

"Mwandishi, nilikwenda kukuombea mke. Sikwenda kukuombea ugali."

Kwetu, mkwe anayekataa chakula cha mama mkwe ndiye aliyetukana. Nilisimama pale, shati linang'aa, njaa imenisimamia, na harufu ya maharage inanipita kwenda kwa watu wengine.

Nikaanza kutangatanga. Karibu na stendi kulikuwa na hoteli yenye vyakula kumi na vinne vilivyoandikwa ukutani kwa rangi nyekundu. "Wali kuku?" Umeisha. "Pilau?" Ni ya Ijumaa tu. "Ndizi nyama?" Mpishi wa ndizi ameenda msibani. "Kuna nini basi?" Mhudumu aliutazama ukuta kwa makini, kana kwamba naye anausoma mara ya kwanza. "Kuna ugali dagaa. Hauko kwenye orodha." Kwingine nilikula chipsi zilizokaangwa kwenye mafuta yenye umri wa kupiga kura. Mkanda wangu ukaomba tundu jipya. Riwaya nayo ikasimama. Wahusika wote walianza kuzungumza habari za chakula.

Nilimpigia simu mchumba wangu.

"Unakonda kwa sababu yangu, au kwa sababu ya maharage?" aliniuliza.

"Kwa sababu yenu wote wawili."

"Jibu baya. Fikiria tena kesho."

Lakini sikuweza kukaa mbali. Wiki ya pili nilikwenda nikasimama nyuma ya tairi la lori, hatua tano kutoka jikoni, mahali ambapo mama angeweza kudai kwamba hanioni. Dereva wa Tanga, ambaye foleni ilikuwa bado haijamwachia, alikaa katikati yetu na sahani yake.

"Mwulize huyo mtu kama amekula," mama aliliambia sufuria.

"Mwandishi, umekula?"

"Mwambie sijala."

"Mama, hajala."

"Nimesikia. Mwulize mbona anakonda? Watu wa kwao watasema tunaroga."

"Mwandishi, mbona unakonda?"

"Nimesikia."

"Sasa kama wote mnasikia, mimi ninafanya nini hapa?" dereva aling'aka. "Nimekuwa forodha. Kila neno lipite kwangu likaguliwe!"

Mama akamkabidhi kijiko. "Mpe aonje chumvi."

Kijiko kikazunguka tairi. Nilionja nikifumba macho. "Mwambie imezidi kidogo."

Dereva alinitazama, akamtazama mama, akachagua amani. "Anasema iko sawa kabisa."

"Hakusema hivyo," mama alijibu, akaongeza maji.

Siku tatu baadaye foleni ikasogea na mshenga wangu akavuka mpaka, akinipungia mkono dirishani. Nikabaki sina forodha wala njia. Nilipopita siku iliyofuata kwa mazoea tu, nikakuta pazia. Lilikuwa jekundu lenye maua ya dhahabu, pazia la sebuleni kwa mama, limetundikwa kukata pembe moja ya kibanda. Nyuma yake palikuwa na kigoda na boksi la sabuni lililogeuzwa kuwa meza. Nikaingia kwa uani. Sahani ikasukumwa kupitia chini ya pazia: ugali, maharage, majani ya maboga. Vidole vyenye unga vikarudi upesi. Nilikula peke yangu katika mwanga mwekundu, nikalia kidogo, na kwa mara ya kwanza tangu posa niliandika ukurasa mzima.

Raha hiyo ilidumu siku nne.

"Kule nyuma wanakaa kina nani?" aliuliza dereva mgeni kutoka Dar, bonge la mtu mwenye miwani ya jua.

"VIP," alijibu mchekeshaji mmoja wa benchini.

"Mama, mimi huwa nakula VIP."

Mama hakuweza kumweleza. Kueleza kungemlazimu anitaje mimi, na kunitaja mbele ya umati ilikuwa aibu nyingine. Akaendelea kupakua. Bonge likaingia, likanikuta kwenye kigoda, likasema, "Kaka, sogea." Tukakaa kigoda kimoja, goti kwa goti, kama watoto wa darasa la kwanza. Kesho yake akaja mfanyabiashara Mzambia na mzigo wake wa vitenge. "Bamayo," alimwita mama kwa Kibemba, "VIP ni wapi?" Kufika Ijumaa tulikuwa saba nyuma ya pazia, na mabenchi ya mbele yalikuwa na nzi tu. Mama mmoja muuza nyanya alilalamika kwamba VIP haina nyama za ziada. Jumatatu nilikuta pamejaa hadi kwenye pipa. Nikasimama nje, mkwe asiye na mahali pa kutafunia.

Mama akaamua. Kama mkwe hatoshi nyuma ya pazia, atatosha yeye. Akawafukuza VIP wote, akahamisha mafiga, sufuria na mwiko, akaanza kupikia huko ndani. Mimi nikarudi benchini kwa heshima zote, na chakula kikatoka chini ya kitambaa kikiletwa na mkono usio na mwenyewe.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika kwelikweli. Watu wa Tunduma wanasamehe mawe kwenye wali. Wanasamehe nywele. Hawasamehi sufuria wasiloliona.

"Kwa nini anajificha? Anatia nini?"

"Ile dawa ya kuvuta wateja haitaki macho ya watu."

Dawa hiyo ya kuvuta wateja ikawafukuza. Jumatano lilijaa benchi moja. Alhamisi tulikuwa wawili, na mwenzangu aliumwa jino. Mama alikuwa amesomesha watoto wanne kwa sufuria lile. Ualimu wa mchumba wangu ulitoka humo, kijiko baada ya kijiko. Sasa lilikuwa likipoa kwa sababu ya mdomo wangu. Sikucheka tena. Nilimpigia mchumba wangu nikamwambia sitakanyaga pale, wala karibu na pale, hata kahawa ikivunwa mwakani.

"Umemwambia mama?" aliuliza.

"Nimwambie vipi?"

Alimwambia yeye. Mama akampigia shemeji yake, yule baba mkubwa, kwa sauti ambayo madereva wa nchi mbili waliisikia na baadaye wakanisimulia: "Shemeji, kahawa yenu ingoje. Mimi nina sufuria!"

Jumamosi akashuka kutoka Isansa mzee mfupi mwenye koti refu, baba mkubwa mwenyewe, jogoo mwekundu kwapani. Mchumba wangu alikuja naye, akijitahidi kuwa na uso wa kanisani. Habari ilikuwa imetangulia, na mabenchi yalijaa. Waliokosa nafasi walisimama, hata waliokuwa wameapa kutokula pale tena. Kitu cha kwanza alichofanya mzee ni kuling'oa pazia kwa mkono mmoja. Watu wakarefusha shingo kuangalia ndani ya sufuria. Yalikuwa maharage. Wakaonekana kama waliodhulumiwa.

"Mahari haijatimia," mzee alitangaza jogoo alipoiva. "Kwa hiyo leo tunafungua nusu."

"Nusu ipi, mzee?" benchi liliuliza.

"Atakula akionekana. Kuongea watangoja kahawa."

Akachukua paja, akampa mama. Mama, uso kando, akaninyooshea. Nililipokea kwa mikono miwili, nimepiga magoti, na mdomo wangu, uliolilia siku hii tangu Machi, ukakataa kufunguka.

"Tafuna, Mwandishi!"

"Mkwe gani huyu, amefunguliwa akajifunga!"

Nikang'ata. Mama akageuka kutazama, kama desturi ilivyotaka, na macho yetu yakakutana. Tuliruka wote wawili kama tuliomwagiwa maji ya moto. Yeye akageukia barabara, mimi nikageukia ukuta wa mabati, nikaendelea kula tukiwa mgongo kwa mgongo.

"Sasa mbona mmegeuziana migongo?" bonge la Dar lilipiga kelele. "Si mmefunguliwa?"

"Waacheni," alisema baba mkubwa, mdomo umejaa nyama. "Mlango mpya hukwama."

Mchumba wangu alikuwa amekaa kwenye kigoda, amejiziba mdomo kwa ncha ya kanga, machozi ya kicheko yakimtoka. Paja likaisha. Sahani ya maharage niliyowekewa kando nayo ikawa tupu. Kuomba nyongeza kwa sauti nilikuwa bado sina ruhusa, kwa hiyo niliinyoosha sahani nyuma yangu, bila kugeuka, nikaiacha ielee hewani. Kisha nikasikia mwiko ukikwangua sufuria, na sahani ikawa nzito mkononi.